Jukwaa la Dar liko wapi? Uzi wa kumbi za sanaa na vituo vya utamaduni, kwa wenyeji na wenye wageni

#1 Fundi Mitambo

Wakuu, habari za muda huu.

Haupiti mwezi humu bila mtu kuuliza: "Nina mgeni kutoka mkoani (au Ulaya), nimpeleke wapi hapa Dar?" Majibu ni yaleyale: Coco, Kigamboni, Mlimani City, nyama choma. Jukwaa la sanaa halitajwi hata kwa bahati mbaya, halafu watu haohao kesho wanalalamika kwamba mji hauna utamaduni. Mimi kazi yangu ni mitambo ya muziki. Nimefunga spika kwenye kumbi za kila namna mjini hapa, zenye viyoyozi na zisizo na choo, kwa hiyo acha nimwage ninachokijua. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke mpaka Kijiji cha Makumbusho na taarab, kwingine atarudi akipata nafasi.

Kwanza kabisa, ondoa kichwani wazo la kutafuta jengo moja kubwa lililoandikwa ukumbi wa taifa. Nairobi wanalo la kwao tangu 1952, Kampala tangu 1959. Sisi tulianza na watu badala ya jengo. Baada ya Uhuru kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, mwaka 1965 vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi wakakaa miaka kadhaa, baadaye likaja na kundi la maigizo. Miaka ya 70 inaisha, makundi yale yakavunjwa, na 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa kule Bagamoyo. Mjini wakabaki vikundi vya mashirika, vya vyama na vya watu binafsi, navyo vikahamia mahali penye watu na kinywaji: mabaa na kumbi za starehe. Ngoma, sarakasi, kichekesho, kwaya na taarab, vyote usiku mmoja kwa kiingilio kimoja. Ndiyo maana mpaka leo jukwaa la Dar ukilitafuta utalikuta baa, utalikuta makumbusho, au kwenye bustani ya kituo cha Wafaransa. Ukishalijua hilo hutazunguka bure.

Haya, tuanze na Posta.

Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Mtaa wa Shaaban Robert, ukipotea uliza IFM. Kwa basi la mwendokasi shuka Posta ya Zamani au Kivukoni, utembee kwa miguu kwenye vivuli vya miti ya wakoloni. Jengo la zamani ni la 1940, lilijengwa kumkumbuka mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Jipya limeongezwa ndani ya uzio huohuo. Wengi wanakwenda kuona fuvu la Zinjanthropus, lile alilookota Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, na magari ya viongozi, wanapiga picha wanaondoka. Wasichojua ni kwamba mle ndani kuna ukumbi wa maonyesho na eneo la wazi linalotumika kwa ngoma, maigizo na mashairi. Pita mapokezi uulize ratiba ya mwezi. Wanajibu vizuri tu, ila hawatakuambia usipouliza. Na Mtanzania beba kitambulisho, kiingilio chetu si sawa na cha mgeni wa nje.

Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, barabara ya Bagamoyo. Hapa ndipo ningempeleka mgeni wa kwanza. Vijana wa siku hizi wakisikia "Makumbusho" wanajua stendi tu, hawajui kwamba stendi imechukua jina kwa jirani yake. Kilianza katikati ya miaka ya 60. Wamejenga nyumba za makabila mbalimbali zikiwa na ukubwa wake wa kweli, na unaingia ndani. Msonge wa Wahaya nyasi zinashuka kutoka kileleni hadi zinagusa ardhi, ukiingia kuna giza na ubaridi hata kama nje jua ni la saa saba. Toka hapo uende kwenye tembe ya Wagogo: paa bapa la udongo, unainama kupita mlangoni, na ukiinua kichwa kabla ya wakati unakumbushwa. Mgeni wangu mmoja, fundi ujenzi, alikaa chini ya lile paa akigonga nguzo kwa vidole, hakutaka kutoka.

Ngoma huwa mwishoni mwa wiki, mchana ukielekea jioni, lakini piga simu kabla hujatoka nyumbani kwa sababu kuna siku wanangoja kundi likusanyike. Ukibahatika, utakuta siku maalumu ya kabila fulani, wenyewe wakiwa wamekuja na wapishi, wazee, ngoma na pombe ya kienyeji. Hapo utaona sindimba au bugobogobo ikichezwa na watu wanaoijua tangu utotoni, ni tofauti kabisa na ile ya kupokelea wageni uwanja wa ndege.

Upanga. Alliance Française ipo barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Goethe-Institut ipo Alykhan. Ndiyo, ni Wafaransa na Wajerumani. Ila nikiulizwa kama fundi, sauti safi ya muziki wa jukwaani mjini hapa mara nyingi nimeisikia kwenye bustani hizi mbili, kwa sababu wanampa fundi muda wa kupima vyombo. Kwingine unafika saa kumi na mbili, saa moja mwenye ukumbi anakufokea mbona muziki hauliki. Kiingilio ni kidogo, mara nyingine bure. Angalizo moja: wakiandika saa moja na nusu usiku, ni saa moja na nusu. Ukifika saa tatu kwa mazoea ya Dar utakuta wanakunja viti.

Nafasi Art Space, Mikocheni B, eneo la viwanda vidogo. Ilianza 2008. Ni maghala ya zamani na makontena ya meli yaliyogeuzwa vyumba vya kazi. Huyu anachora, yule anachomelea vyuma chakavu, wa tatu anafanya mazoezi ya dansi. Mchana unaingia unazunguka. Salimia, usimsimamie msanii mgongoni kama mtu anayesubiri chenji, na omba kabla ya kupiga picha. Jioni za matukio kuna muziki, filamu na maonyesho. Usafiri wa kurudi usiku uwe umeupanga, kule ndani daladala hazifiki.

Oysterbay kuna Little Theatre, ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza ya Kiingereza, upo tangu enzi za mkoloni. Desemba huwa wana mchezo wao wa Krismasi, watoto wanaupenda. Sina zaidi.

Mlimani. Idara ya sanaa ya Chuo Kikuu. Wanafunzi wanapofanya maonyesho yao ya mwisho wa mwaka wa masomo mlango uko wazi na hakuna anayekuuliza kitu. Matangazo yanabandikwa kwenye mbao za chuo tu, kwa hiyo mwenye ndugu pale amtumie.

Taarab na dansi. Hapa sasa ndipo mji wenyewe. Bendi ya Sikinde ilizaliwa 1978 na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani kwao. Bendi ya Msondo mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964. Kinondoni, Mango Garden ndiko walikotamba Twanga Pepeta, na Magomeni kuna Travertine kwa wapenzi wa taarab ya kisasa. Bendi zinahama kumbi, usiende kwa mazoea ya mwaka juzi, sikiliza matangazo ya redio ya wiki hiyo au muulize bodaboda wa hapo nje.

Mgeni ambaye hajaona mtu akitunzwa jukwaani hajaiona Dar. Wimbo unapokolea, mwanamke anasimama mezani kwake, amevaa amependeza, anakuja polepole kwa mwendo wa ngoma, noti imebanwa kati ya vidole viwili na mkono uko juu ili ionekane. Hamtazami mwimbaji. Macho yake yako kwenye meza ya upande wa pili, na meza hiyo inajua. Akishamtunza anarudi vilevile polepole, na kabla hajakaa, wa meza ile naye ameshasimama. Noti nyingine zinadondoka kwenye nyaya zangu. Fundi haruhusiwi kuokota hata moja; kuna mtu wa bendi kazi yake ni hiyo tu. Enzi za vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, mashabiki walikuwa wanajipanga kwa meza kama timu za mpira, na siku hizo tulikuwa tunaweka spika mbali na watu kwa sababu maalumu.

Bagamoyo nitaiandika chini. Nawasilisha, karibuni mkosoe na kuongeza.

#2 Binti Upanga

Mkuu asante, hii niihifadhi kabisa. Swali: mwanamke nikienda taarab peke yangu usiku, sitasumbuliwa? Mume wangu hataki kabisa mambo hayo, anasema atalala.

#3 Fundi Mitambo

Dada yangu, taarab ni ukumbi wa akina mama. Wanaume pale ndio wageni. Kaa meza za katikati, si zile za mlangoni wala karibu na kaunta, na wenzako wa meza watakuwa wamekuchukua kabla wimbo wa pili haujaisha. Shida ni kurudi tu, panga na dereva unayemfahamu. Na beba noti ndogondogo, ukikaa usiku mzima bila kutunza utaonekana umetumwa kupeleleza.

#4 Mzee wa Mnazi Mmoja

Kijana umeandika vizuri lakini umeniruka. Unawezaje kutaja kumbi za Dar ukaacha Anatoglo? Ile nyumba pale Mnazi Mmoja ilijengwa miaka ya 50 kwa fedha za Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, jina lake Arnautoglu, sisi tukalilainisha. Kulikuwa na madarasa ya jioni, mikutano na dansi. Dansi lenyewe la suti na viatu vilivyong'arishwa, si haya ya kaptura. Mnapita pale kila siku hamgeuzi hata shingo.

Halafu sinema. Empire, Empress, Avalon, Odeon. Jumapili picha ya Kihindi, foleni inazunguka jengo na tiketi za ulanguzi zinauzwa pembeni. Na Drive-In ya 1966 kule Msasani, watu wanatazama filamu ndani ya magari, sisi tusio na magari tunatafuta pa kuchungulia. Leo pale ni ubalozi wa Marekani, limebaki jina la kituo cha daladala. Mtu akitaka kujua utamaduni wa mji huu atembee mjini atazame yale majengo kwa nje, mengine maandishi ya zamani bado yanasomeka ukiinua macho juu ya mabango ya maduka.

#5 Fundi Mitambo

Shikamoo mzee wangu. Hilo nimekubali, Anatoglo iingie kwenye orodha. Tukipata muda tutembee nawe siku ya Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa, utuonyeshe jengo kwa jengo.

#6 Mbagala Original

Acheni utani. Alliance, Goethe, Nafasi, Oysterbay... hayo ni maeneo ya wazungu na watoto wa Masaki. Mtu wa Mbagala atoke kazini saa kumi na moja, apande gari mbili aende kusikiliza jazi Upanga, arudi na nini? Sanaa yetu iko mtaani. Mdundiko ukipita huku hakuna tangazo wala kiingilio, unasikia tu ngoma kwa mbali na watoto wanakimbia. Singeli imetokea Manzese na Tandale, haikutoka kwenye bustani ya balozi. Dar Live pale Zakhem ilipoanza ndiyo mara ya kwanza tukaletewa wasanii wakubwa hadi mlangoni. Huo ndio ukumbi.

#7 Fundi Mitambo

Mkuu hatupingani sana. Mdundiko sikuuweka kwa sababu sijui nimwambie mgeni aende saa ngapi wapi, mwenyewe huwa naukuta njiani. Kuhusu nauli una hoja, na si ndogo: kumbi karibu zote nilizotaja ziko ukanda mmoja wa mji, kutoka Posta mpaka Mikocheni. Temeke yote nimeitaja kwa mdomo wako wewe.

Ila hili la "maeneo ya wazungu" ndilo linalotufanya tusiende. Nimefunga mitambo kwenye maonyesho ya bure kabisa Upanga, wasanii ni wa kwetu, mmoja alikuwa mtoto wa Temeke, na viti vya Waswahili vilikuwa vitupu. Getini hakuna anayekuuliza unaishi wapi. Vijana wa singeli wenyewe wameshapanda majukwaa ya Ulaya, iweje jukwaa la Upanga ndilo liwe la mbali?

#8 Mbagala Original

Haya, nitumie ratiba. Ila nauli ya kurudi ni yako.

#9 Jirani wa Nairobi

Hamjambo huko. Mimi nawasoma kutoka Nairobi, wacha niongeze moja kwa sababu mmetaja jumba letu la 1952. Msituonee wivu sana. Lile jumba liko mkabala na hoteli ya Norfolk, na lilipojengwa lilikuwa la walowezi kuliko la mwananchi. Hata baada ya uhuru mambo hayakunyooka. Mwaka 1982 kikundi cha Kamiriithu kutoka Limuru kilikuwa na mchezo wa Kigikuyu, walipofika siku ya kuanza mazoezi pale jumbani wakakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo ya barabara tu, na maelfu ya watu wakawa wanafurika kutazama mazoezi, mpaka hayo nayo yakapigwa marufuku. Kule Limuru ukumbi wao wa wazi, uliojengwa na wanakijiji wenyewe, ukabomolewa. Kwa hivyo jengo tulikuwa nalo, lakini ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine.

Siku hizi limekarabatiwa, lilifunguliwa upya 2015, mnakaribishwa. Na mkija ulizieni Bomas kule Lang'ata, kulikokuwa na ngoma za makabila kila alasiri, ndio ndugu wa hicho Kijiji chenu cha Makumbusho.

#10 Fundi Mitambo

Hii ya ufunguo nimeipenda, jirani. Na huku tuna ya kwetu: ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliungua moto 2002. Wanafunzi wakawa wanafanya mazoezi chini ya miembe hadi ulipojengwa mwingine kwa msaada wa nje. Ndiyo niliyoahidi kuandika, kwa hiyo:

TaSUBa, Bagamoyo, ndilo jina la sasa la hicho Chuo cha Sanaa. Kilomita kama 70 kutoka Dar. Ukiniuliza ni jukwaa gani la Tanzania linafaa kuitwa jukwaa, nitakutajia hili. Ukumbi mkubwa wenye paa la makuti, na upepo wa bahari unapita hapohapo. Nenda siku ya kawaida asubuhi, si lazima tamasha. Utakuta darasa moja wanajifunza zeze, la pili wanarushana kwenye sarakasi, la tatu mwalimu anawarudisha hatua ileile ya ngoma mpaka miguu yote inapiga chini kwa pamoja. Kaa kwenye ngazi usikilize tu.

Huu ndio mji alioishia Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka Dodoma akaingia kikundi cha ngoma cha taifa, akaipeleka ilimba (marimba ya vidole ya Kigogo) na zeze dunia nzima, hadi alipofariki 2003. Ukoo wake bado una wanamuziki palepale. Tamasha la chuo ni la kila mwaka, kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba, tarehe zinabadilika.

Kitu kimoja cha kifundi: makuti yanameza sauti. Bati linakurudishia kila kelele, makuti hayarudishi, kwa hiyo mwigizaji mwenye sauti nzuri anasikika nyuma bila maikrofoni. Wanaopaua kumbi mpya za mjini kwa bati tupu na dari la plastiki wangekuja kusikiliza kwanza. Kuna ukumbi mmoja mjini, siutaji, ukipiga makofi mara moja unasikia umepigiwa matatu. Harusi zinafungiwa humo kila Jumamosi na mshereheshaji haeleweki neno.

#11 Mwalimu wa Kidato

Naomba ushauri. Nina wanafunzi arobaini na ushee, shule ipo Gongo la Mboto. Nataka siku moja wapate makumbusho na ngoma, bajeti ni ya basi moja na chakula cha kufunga. Niwapeleke Shaaban Robert au Kijitonyama?

#12 Fundi Mitambo

Mwalimu, ukitaka vyote viwili siku moja basi litakula foleni ya mjini na watoto watachoka. Chagua Kijitonyama. Andika barua ya shule mapema, taja idadi na umri, omba ngoma iandaliwe mkiwa pale. Kundi kama lako ndilo linalofanya kikundi cha ngoma kiitwe hata siku ya katikati ya wiki. Eneo ni la wazi, watoto wanakula chini ya miti, na kila mmoja atatafuta nyumba ya kwao. Hapo ndipo utapata kazi, maana wasioiona ya kabila lao watakuuliza kwa nini haipo. Waambie waandike insha.

#13 Binti Upanga

Nimerudi. Mume kakubali Bagamoyo, amesema taarab bado anafikiria. Magari yanapandiwa wapi, na tukienda siku ya tamasha tutarudi saa ngapi?

#14 Fundi Mitambo

Magari ya Bagamoyo yapo stendi ya Makumbusho, palepale jirani na Kijiji. Kwenda hakuna shida. Kurudi usiku wa tamasha ndiyo shughuli, maonyesho makubwa huanza jioni na kwisha usiku mnene, na saa hizo daladala zimeshalala. Kama mko wawili, chukueni chumba Bagamoyo, ila mkiweke mapema kwa sababu wiki ya tamasha vinajaa. Kama mko kundi, kodini Hiace na mkubaliane na dereva fedha ya kusubiri kabla hamjatoka Dar, si mkishafika. Nikipata tarehe za mwaka huu nitazibandika kwenye bandiko la kwanza, pamoja na Anatoglo ya mzee. Na wewe Mbagala Original, ratiba nimekutumia inboksi.